Fumbo na Warithi Wake: Taarabu ya Nyumbani Mawaleh

Uhakiki wa taarabu umezoea kumtazama msanii na jukwaa lake. Siti binti Saad hukumbukwa kwa santuri alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928. Ikhwani Safaa kwa ukongwe wake tangu 1905. Anayesahaulika ni mpokeaji: bibi aimbaye jikoni, binti amwitikiaye, mjukuu asikilizaye. Nyumba za Waswahili wa Mawaleh, katika wilaya ya Seeb mjini Muscat, zinadai mpokeaji huyo afikiriwe upya.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa Sultan Qaboos alipotawala kuanzia 1970, watu wengi wenye asili ya Oman walitoka Zanzibar na bara wakahamia Muscat. Mashamba ya mikarafuu yalibaki. Nyimbo zilisafiri.

Zilisafiri kwa namna mbili tofauti. Ubeti wa taarabu hushikwa na sikio kwa vina na mizani, na hushikwa na akili kwa fumbo. Vina hurithiwa kwa wepesi: mtoto hukamilisha kipande cha mwisho hata asipojua maana, kwa kuwa kina humwongoza. Fumbo halirithiwi hivyo. Ua, ndege na chombo baharini ni majina yaliyosetiri watu na visa. Bibi anamjua aliyepigwa kijembe, mama amesimuliwa, mjukuu, aliyesomeshwa kwa Kiarabu, anaona ua tu.

Ni rahisi kuuita huu msiba wa ushairi, lakini hukumu hiyo ina haraka. Fumbo lililoachana na kisa chake cha kwanza huweza kupokea kingine. Ndege aliyekuwa mpenzi aliyehama mtaa anaweza, kwa familia iliyohama nchi, kuwa Unguja yenyewe. Maana haikupotea hapo, imeongezeka.

Hata hivyo, ongezeko hilo lina sharti. Asiyeelewa Kiswahili hazui maana mpya. Hubaki na sauti pekee. Kwa hiyo kuimba pamoja, pamoja na utamu wake, hakutoshi kuurithisha ushairi. Familia inayosita baada ya ubeti ili mtoto aulize, “Huyu ndege ni nani?”, inarithisha fasihi. Inayoimba hadi mwisho bila swali inarithisha lahani. Mtafiti anayerekodi nyimbo za nyumbani hana budi kulirekodi swali hilo pia, pamoja na majibu yote yanayogongana.