"Travel", "Journey" na Safari za Gulliver

Mwanafunzi wetu wa tafsiri aandikapo kwa Kiingereza kwamba babu yake alifanya "three travels" kwenda Unguja, sisi humsahihisha kwa wino mwekundu bila ya kujiuliza kosa limetoka wapi. Limetoka kwetu. Tulimwambia kwamba "travel" ni safari na "journey" ni safari, tukaliacha jambo hapo.

Maneno hayo hayalingani. "Journey" lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambamo lilihusu siku moja: kazi ya siku, au mwendo wa siku. Dhana hiyo ya mpaka haijaliacha. "Journey" lina mwanzo na mwisho, na kwa hiyo huhesabika. "Travel" nalo lina asili moja na neno la Kifaransa la kazi yenye kutaabisha. Taabu imekwisha kusahauliwa na wasemaji, lakini neno limebaki kutaja tendo lenyewe, pasipo kujali ni mara ngapi wala hadi wapi.

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina tofauti hii. Nadhani wametazama nomino peke yake. Tusemapo "kusafiri kuna mafunzo", hiyo ndiyo "travel": kitenzi-jina kisicho na wingi. "Safari" ni neno la kuhesabia, tena mno. Mtu husema "safari hii sikubali" naye hajainuka kitini, akikusudia "mara hii". Neno lililofikia kuwa kipimo cha mara halifai kufundishwa kama kisawe cha "travel".

Tulitazame basi jina Safari za Gulliver. Kitabu cha Swift cha mwaka 1726 kinajulikana kwa Kiingereza kwa neno "Travels", wingi usiopokea namba. Kiunganifu "za" huipokea mara moja. Na kweli kitabu kina sehemu nne, kila moja na safari yake ya baharini. Hapa tafsiri imesema wazi zaidi kuliko asili. Hata hivyo imepoteza jambo: "Travels" ni jina la utanzu pia, masimulizi ya mtu aliyezunguka nchi za mbali akarudi na habari, na utanzu huo ndio Swift alioukejeli. Msomaji wetu anapata hesabu, kejeli haioni. "Matembezi" yangaliharibu zaidi, maana msikilizaji wa Mombasa angalidhani Gulliver alitoka kupunga upepo. Mimi ningalichagua Masimulizi ya Safari za Gulliver, jina zito kidogo ulimini, lakini lenye yote mawili.