Matanki 1,600 bila waya

Kolwezi yetu hapa Kongo na Malargüe, mji mdogo wa Argentina, ziko karibu mwinuko mmoja: mita 1,400 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu ya wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi hapa Kolwezi, basi, ina uzito karibu sawa na ile iliyo juu ya Kituo cha Pierre Auger kule Malargüe, na mvua ya chembe inayonyesha kule hunyesha na hapa. Ila kule inahesabiwa.

Chembe yenye nguvu ikitoka anga za mbali na kugonga hewa, hupasuka. Vipande vyake hupasua vingine, hadi mabilioni hufika chini kwa pamoja. Chembe za mwanzo zenye nguvu kupindukia ni adimu mno: kama moja kwa kilomita ya mraba kwa karne nzima. Ndiyo maana mradi huo wa Auger, ulioasisiwa na James Cronin na Alan Watson mwaka 1992, ulihitaji kilomita za mraba 3,000.

Kuunganisha eneo hilo kwa nyaya kungeipatia shaba ya Katanga soko zuri. Hawakufanya hivyo. Walitawanya matanki 1,600, na kila tanki linajitegemea: lita 12,000 za maji safi gizani, vihisi vitatu vikubwa vya kunasa mwanga unaotokea chembe zikipita majini, sola, antena, GPS na betri (za risasi, kwa hiyo hata kobalti yetu haimo).

Matanki yameachana kilomita 1.5. Mvua ikishuka wima, majirani hupigwa karibu pamoja. Ikiinama digrii 30, tanki la mbali huchelewa mikrosekunde 2.5 hivi. Saa za GPS hukosea kama nanosekunde 10 tu, kwa hiyo mwelekeo hupatikana kwa hesabu ya pembetatu.

Kilichonivutia zaidi ni urekebishaji. Nani azunguke nyika nzima kupima vihisi? Muoni (aina mojawapo ya chembe za mvua hizi) za kawaida, karibu 2,500 kila sekunde, hupita ndani ya kila tanki usiku na mchana, na mwanga wake hutumika kama jiwe la mizani. Tanki hujipima lenyewe, kisha hutuma kwa redio taarifa kama 20 tu kwa sekunde. Wasipokubaliana majirani watatu, hakuna tukio.

Mwaka 2017 data za miaka 12 zilionyesha kwamba chembe zenye nguvu kubwa sana zinatoka nje ya galaksi yetu. Lakini maji huchanganya mwanga wa elektroni na wa muoni, hivyo muoni hazihesabiki vizuri, na bila hesabu hiyo ni vigumu kujua kama iliyogonga hewa ilikuwa protoni au kiini cha chuma. Kwa hiyo juu ya matanki yaleyale zimeongezwa bamba za plastiki inayong'aa ikipitiwa na chembe: bamba na maji hupokea elektroni na muoni kwa viwango tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayozitenganisha.