Bomu la Atomiki katika Maneno ya Kiswahili

Kiswahili ni lugha iliyozoea kuzipa silaha majina ya vitu vya nyumbani na shambani. Mzinga ni gogo lililotobolewa ili nyuki wafanye asali ndani yake. Ulipofika mtutu mkubwa wa chuma, watu waliliona umbo lake wakauita mzinga, na hata leo sherehe za taifa hupigiwa mizinga 21. Risasi ni jina la madini mazito yanayoyeyuka upesi, ndipo likawa jina la kitu kiuacho. Desturi hiyo ina hekima yake, maana jina la kitu kinachojulikana humpa msikilizaji mahali pa kushika. Lakini ina hatari pia: kitu kinachojulikana chaweza kukificha kile kisichojulikana. Hatari hiyo yaonekana wazi katika maneno yahusuyo bomu la atomiki, na kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kutumika kwa muda mrefu, yafaa yapimwe moja moja.

Kipimo sharti kitoke katika jambo lenyewe. Tarehe 16 Julai 1945 Wamarekani walilijaribu bomu la kwanza katika jangwa la New Mexico. Tarehe 6 Agosti waliangusha la pili juu ya mji wa Hiroshima, na tarehe 9 Agosti la tatu juu ya Nagasaki. Bomu la Hiroshima lilikuwa na urani ya kilo 64 hivi, na katika hiyo haikutimia hata kilo moja ambayo viini vya atomi zake vilipasuka. Walakini nguvu yake ililingana na ile ya tani 15,000 za baruti kali. Hata kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki. Wako waliouawa na kishindo na wako walioungua; na wako walionusurika yote mawili, wakafa siku au majuma baadaye kwa maradhi ambayo waganga wao hawakuwa wamepata kuyaona. Basi bomu lile lilileta mambo matatu: kishindo, moto na mionzi. Istilahi njema ni ile isiyolificha hata moja katika hayo.

Wasemaji wa Kiswahili hawakuwa mbali na vita vile. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw hata mto Chindwin, na Watanganyika walikuwamo. Lugha yao, hata hivyo, haikuwa na jina la silaha iliyovimaliza vita hivyo. Kamusi ya Kiswahili sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939, mwaka uleule vita vilipoanza. Jina sharti liazimwe, na lililoazimwa ni bomu, likaongezwa neno la kulipambanua: bomu la atomiki.

Neno bomu ni jepesi kupita kiasi kwa mzigo huu. Kwanza, limetandaa mno. Askari polisi watawanyapo umati hutumia mabomu ya machozi. Kitu cha chuma kilichofukiwa tangu vita vya zamani ni bomu. Na kilichouangamiza mji wa Hiroshima ni bomu pia. Pili, neno hilo lina maana iliyokwisha kuishi katika masikio ya watu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Wilaya ya Temeke, kando ya barabara ya Kilwa. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na watoto wakakimbia hata wakapoteana na wazazi wao. Tarehe 16 Februari 2011 mambo kama hayo yakatukia Gongo la Mboto. Tangu hapo, mtu wa viunga vya kusini mwa Dar es Salaam asikiapo neno mabomu hakumbuki kamusi, hukumbuka Mbagala. Kwake yeye bomu ni mshindo, vipande vya chuma na ukuta ulioanguka. Akiambiwa bomu la atomiki, ataelewa Mbagala iliyozidishwa mara nyingi. Atakuwa amefahamu kishindo, pengine na moto. Lakini jambo la tatu, lile la ugonjwa uingiao mwilini pasipo jeraha, halimo katika neno hilo hata kidogo. Kumbe hilo ndilo linaloitenga silaha hii na nyingine zote.

Neno la kupambanua, atomiki, halimsaidii sana. Kwa umbo ni kivumishi cha kigeni kinachofanya kazi ya jina, maana kitu chenyewe huitwa atomi. Na asili yake ya Kiyunani ni kitu kisichokatika, ambapo habari yote ya bomu hili ni kukatika kwake. Wanafizikia husema kwamba nguvu hutoka katika kiini cha atomi, na kwa hiyo nyuklia ni neno sahihi zaidi. Hapana shaka wana haki. Lakini atomiki limekwisha kukaa: limo katika jina la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tena lina sifa moja ambayo maneno mengine hayana, nayo ni ugeni wake. Neno geni huonya. Asiyelijua hajidanganyi kwamba analijua, bali huuliza. Sifa hiyo isidharauliwe, kwa kuwa maneno yanayofuata ni ya Kiswahili kabisa, na ndiyo yenye hatari.

Maneno hayo yametoka katika vyanzo viwili. Chanzo kimoja ni redio za ng'ambo: Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957 na ya Deutsche Welle iliyoanza mwaka 1963, ambazo watafsiri wake hulazimika kupata neno kabla ya saa ya habari. Chanzo cha pili ni Mlimani, katika eneo lililokuwa Wilaya ya Kinondoni kabla ya Ubungo kutengwa, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitunga istilahi za sayansi na kuzichapisha, miongoni mwake Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Watafsiri wa redio walifanya haraka. Wataalamu wa Mlimani walifanya kwa utaratibu. Lakini wote walifuata desturi ileile ya mzinga.

Mahali pamoja desturi hiyo imefaulu vizuri. Mtambo ambamo viini vya atomi hupasuliwa kwa kiasi ili kupata nguvu umeitwa kinu. Kinu ni chombo ambamo punje hupondwa na ganda likaachana na kiini, na katika kinu cha mafuta mbegu hukamuliwa hata ikatoa kilichofichika ndani yake. Mfano huo haudanganyi. Kuna chombo, kuna kuvunja, kuna kitu kinachopatikana kwa kuvunja. Mkazi wa Temeke aliyekulia karibu na kinu na mchi amepewa picha ya kweli.

Haiwezi kusemwa hivyo juu ya kurutubisha. Ndilo neno litumikalo kila siku katika habari, kwamba nchi fulani yarutubisha urani. Rutuba ni afya ya udongo. Kurutubisha ni kutia mbolea ili shamba lizae. Je, urani huzaa nini? Katika urani itokayo ardhini, sehemu 7 tu katika 1,000 ndizo za aina ipasukayo kwa urahisi; kazi inayoitwa kurutubisha ni kuizidisha aina hiyo, na katika bomu la Hiroshima ilifika sehemu 800 hivi katika 1,000. Hapana kilichotiwa mbolea, wala hapana kinachoota. Neno hili limelipaka tendo la kutengeneza silaha rangi ya kilimo, na msikilizaji aweza kushangaa kwa nini mataifa yagombane juu ya mtu anayestawisha kitu. Laiti mtafsiri angalitazama jikoni badala ya shambani, angalilipata neno kukoleza. Mpishi hukoleza chumvi, mfumaji hukoleza rangi, na aketiye mekoni hukoleza moto. Kukoleza ni kuzidisha ukali wa kitu kilichokuwamo tangu awali, na hilo ndilo hasa linalofanyika. Hata huo moto uliomo katika neno hauko mbali na kweli.

Mnururisho ni kosa la namna nyingine. Limetungwa kwa ustadi: kutoka nuru likapatikana mnururisho kwa miale itokayo katika kitu, nururifu kwa kitu kitoacho miale hiyo, na unururifu kwa hali yake. Mwanasarufi hawezi kulilaumu. Lakini nuru katika Kiswahili siyo mwanga tu. Ni uso wa mtu mwema, ni elimu, ni uongofu. Mtu huombewa nuru kaburini. Kuiita miale iliyowaua watu wa Hiroshima kwa neno la ukoo huo ni kumkalisha muuaji katika kiti cha mgeni wa heshima. Umma wenyewe umelikataa bila mjadala, ukachagua mionzi. Wagonjwa watokao Kinondoni na Temeke kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hawaendi kutafuta mnururisho. Huenda kupata tiba ya mionzi. Mionzi ni miale ya jua, ambayo huotesha na huunguza pia, na kwa sababu hiyo neno lachukua dawa na sumu kwa pamoja. Wataalamu wangefanya vema kuufuata umma katika jambo hili.

Yaweza kujibiwa kwamba kila neno lililogeuzwa kazi husahau maana yake ya kwanza, na kwamba leo asikiaye mizinga 21 hafikiri nyuki. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mzinga, kwa kuwa miaka mingi imepita. Kurutubisha halijasahau. Mkulima hulisikia kila msimu katika habari za mbolea, na nuru husikika kila siku katika dua. Neno ambalo maana yake ya kwanza ingali hai huzungumza kwa sauti mbili, na sauti ya kwanza ndiyo kubwa. Wala ugonjwa huu si wa Kiswahili peke yake: walioliunda bomu la Hiroshima walilipa jina la utani lenye maana ya mtoto mdogo wa kiume.

Limebaki neno ambalo kwa haraka lingedhaniwa kuwa baya kuliko yote. Silaha hizi huitwa silaha za maangamizi ya halaiki. Halaiki ni neno la Kiarabu lenye maana ya viumbe, watu wengi. Lakini kwa watu wa Dar es Salaam lina sura maalumu. Halaiki ni watoto wa shule waliopangwa safu kwa safu siku ya sherehe, wakicheza na kuchora maumbo kwa miili yao katika Uwanja wa Uhuru, uliomo Temeke. Mtu aweza kusema kwamba neno la furaha limetiwa mahali pa msiba. Lakini mambo ya Hiroshima yalikuwaje? Asubuhi ya tarehe 6 Agosti maelfu ya wanafunzi walikuwa nje katikati ya mji, wamepangwa kwa vikundi, wakisafisha viwanja vya nyumba zilizobomolewa ili kukinga moto usienee. Wengi wao waliteketea palepale. Neno halaiki, kwa masikio ya Temeke, lawaleta watoto hao mbele ya macho. Hapa maana ya nyumbani haikificha kitu, imekifunua. Basi silo jambo la nyumbani lililo baya katika istilahi, bali jambo la nyumbani lisilo la kweli.

Suala hili si la wanaistilahi peke yao. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yake mwaka 1940, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Kiswahili kilikuwa lugha ya migodi ya Katanga, na waliochimba waliyashika mawe yale pasipo neno la kuwaonya. Sasa urani imepatikana Namtumbo, mkoani Ruvuma, na mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous ubadilishwe kwa ajili ya mgodi. Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia katika Afrika, ulianza kutumika Julai 2009, miezi mitatu hivi baada ya mabomu ya Mbagala. Wananchi watasomewa mikataba, leseni na maonyo kwa Kiswahili. Watakachokifahamu ni kile ambacho maneno yatakiruhusu.

Kwa hiyo bomu la atomiki na libaki, kwa kuwa limeenea na ugeni wake ni onyo, ila lisitajwe peke yake pasipo mionzi kutajwa pia. Kinu na halaiki ni maneno ya kushikwa. Mnururisho na liachwe kwa vitabu vya taa na joto. Kurutubisha lirudishwe shambani, na katika habari za urani likolezwe neno lililo la haki.