Ukuta Unaosema "Sasa"

Januari 1969, baada ya polisi kuvamia mtaa wa Bogside, mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, ubavuni mwa nyumba moja yalipakwa maneno: sasa unaingia Derry Huru. Wapo watakaosema eti hiyo ni siasa tu, fasihi iko wapi? Hebu tuitazame fani. Sentensi imeiga kibao cha barabarani, na hapo ndipo ukali wake ulipo: wanyonge wameazima sauti ya serikali. Tena haimsemeshi mwenyeji, inamsemesha anayeingia, hasa askari. Ni kama jina la kanga, mvaaji huyu, mlengwa yule.

Tarehe 31 Julai 1972 jeshi la Uingereza liliingia na kuondoa vizuizi vya wakazi. Kama taarifa, basi, sentensi ikawa uongo. Lakini haikufutwa. Nyumba ilibomolewa, ukuta ukabaki peke yake, na mpaka leo unapakwa rangi upya. Ndiyo nembo ya mtaa. Anayeuita pambo la watalii simkubalii. Neno "sasa" halina tarehe, kwa hiyo kila apitaye anaingizwa upya, atake asitake. Kasoro ninayoiona ni kwamba huyo aliye huru humo ndani hatajwi kabisa.