Pongezi kwa Mafundi Umeme wa Magari ya Zamani

Mafundi umeme wa magari wanaohudumia ukanda wa Bagamoyo, Makurunge na barabara iendayo Msata wanastahili pongezi, kwa kuwa kazi yao huzuia moto kabla haujazuka. Land Rover za kale, ambazo aina yake ilianza kuuzwa mwaka 1948, mara nyingi zilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, yaani vipande vya waya mwembamba vinavyokatika umeme unapozidi, na taa zake kubwa hazikulindwa na fyuzi yoyote. Ganda la waya linapochakaa na shaba ikagusa bodi, hutokea shoti, nao umeme mwingi wa betri huunguza waya mzima; vilevile chumvi ya hewa ya pwani huotesha kutu kwenye maungio, yakapata joto. Fundi mahiri hubadilisha nyaya chakavu, huongeza fyuzi karibu na betri na hufunga swichi ya kukata umeme wote gari linapoegeshwa. Wenye magari hayo wawalipe mafundi hawa ipasavyo, wasikubali fyuzi iliyokatika izibwe kwa waya, na wabebe mtungi wa kuzimia moto.