Nani Angemshinda Mwenzake? Mwili Unaovutika na Hukumu ya Ngano za Kilungu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia swali ambalo wahakiki wengi wangelipuuza kuwa ni la watoto: mashujaa wawili wenye miili inayovutika kama raba wakikabiliana, nani angemshinda mwenzake? Mashujaa wenyewe ni Plastic Man na Mr. Fantastic wa hadithi za vibonzo za Marekani. Mabishano juu yao yamedumu miaka mingi miongoni mwa wasomaji, na hukumu zinazotolewa karibu zote huegemea vipimo: nani hurefuka zaidi, nani hawezi kukatika, nani ana akili nyingi. Hoja yetu ni kwamba vipimo hivyo havitoshi. Kipimo kilicho bora kimo katika fasihi simulizi ya Wakamba, ambayo imeutafakari mwili unaobadilika tangu kabla ya kalamu ya mchora vibonzo yeyote. Kwa sababu hiyo tunamteua msikilizaji wa ngano wa Kilungu, katika milima ya Makueni, awe hakimu wa pambano hili.

Huenda ikaulizwa kama vibonzo vinastahili kuhakikiwa pamoja na ngano. Jibu ni kwamba msomaji wa Kiswahili hakungoja ruhusa ya mhakiki. Kwa miongo mingi wasomaji wa Taifa Leo walifungua gazeti wakimtafuta Juha Kalulu wa Edward Gitau kabla ya kutafuta habari za siasa. Isitoshe, ngano na kibonzo zinakutana katika jambo moja la msingi: zote mbili humjenga mhusika kwa umbo lake. Mhusika wa riwaya hujulikana kwa mawazo yake. Mhusika wa ngano na wa kibonzo hujulikana kwanza kwa mwili.

2.0 Mashujaa na vipimo vya mashabiki wao

Plastic Man alibuniwa na Jack Cole, akatokea mara ya kwanza katika Police Comics la Agosti 1941. Kabla ya kuwa shujaa alikuwa mwizi aitwaye Eel O'Brian. Akiwa katika wizi kwenye kiwanda cha kemikali alipigwa risasi, tindikali ikamwagikia jeraha lake, wenzake wakamtoroka. Alipozinduka alijikuta akiuguzwa na mtawa aliyemficha asikamatwe na polisi. Wema huo ulimgeuza moyo kama vile tindikali ilivyomgeuza mwili. Tangu hapo anaweza kuwa kiti, zulia, mpira au chombo cha maua, naye hufanya hivyo kwa kicheko.

Mr. Fantastic, yaani Reed Richards, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby katika Fantastic Four la Novemba 1961. Huyu ni mwanasayansi. Aliunda chombo cha anga, akawapandisha mchumba wake Sue Storm, Johnny nduguye Sue, na rafiki yake Ben Grimm aliyekuwa rubani. Grimm alikuwa ameonya juu ya hatari ya miale ya anga. Onyo halikufuatwa, miale ikawapata wote wanne. Reed akapata mwili unaovutika. Grimm akageuka pande la kiumbe lenye ngozi ngumu, lisiloweza tena kupita barabarani bila watu kutimua mbio.

Mashabiki wanaompa Plastic Man ushindi hutaja hadithi ya JLA ya 2002 na 2003, ambamo mwili wake ulivunjwa vipande, vipande vikatawanyika baharini kwa takriban miaka 3,000, naye akabaki hai. Wanaongeza kwamba Mr. Fantastic ana kikomo, kwani vitabu vya mwongozo vya Marvel humpa kiasi cha futi 1,500 kabla ya kuanza kuumia. Wanaomtetea Mr. Fantastic hujibu kwamba akili hushinda urefu.

Kampuni hizo mbili ziliwahi kuwapambanisha mashujaa wao mwaka 1996. Yalikuwako mapambano 11, na 5 kati yake yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Katika mojawapo Storm, ambaye hadithi zake humpa mama Mkenya, alimshinda Wonder Woman. Wenye miili inayovutika hawakupangiwa pambano. Lakini hata wangepangiwa, kura ingetuonyesha tu nani anapendwa. Ngano haipigi kura. Wasikilizaji wake wanajua tangu mwanzo nani atashinda. Wanalosubiri kujua ni kwa nini.

3.0 Mwili unaovutika ni mali ya nani?

Katika ngano za Wakamba, kama zilivyokusanywa na Gerhard Lindblom, aliyeanza kuchapisha mkusanyo wake mwaka 1928, na John Mbiti katika kitabu chake cha 1966, mwenye uwezo wa kubadili umbo ni eimu. Neno aimu, ambalo ni wingi wake, hutumika pia kwa mizimu ya wahenga. Hapa tunamzungumzia eimu wa ngano, ndugu wa zimwi la Waswahili. Eimu huweza kuwa mdogo kuliko mbilikimo, akawa mkubwa kupita kiasi, au akaja kama kijana mtanashati anayewavutia wasichana ngomani. Tumbo lake halijai. Humeza mtu, kisha mifugo, kisha kijiji.

Hapa ndipo msikilizaji wa Kilungu anapoachana na msomaji wa vibonzo. Kwa msomaji, kuvutika ni kipaji, na swali ni nani anacho zaidi. Kwa msikilizaji, kuvutika ni tuhuma. Mwili uliotanuka umetanuka kwa sababu kuna kitu umekimeza, na kitu hicho kina mwenyewe. Fikra hii si ajabu katika nchi ambayo imeziwekea njaa zake majina kama vile watu wanavyowapa watoto majina. Njaa ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Yua ya Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, kwa sababu chakula cha msaada kililetwa kwa ndege. Mwaka uleule ambao Reed Richards alipaa angani katika kurasa za kibonzo na kurudi na mwili mrefu, Wakamba waliitazama anga wakingoja mahindi. Mahali ambapo tumbo la jirani likivimba la kwako hunywea, tumbo lisilo na kikomo haliwezi kuwa la shujaa.

Pwani nayo inalijua jambo hili. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paka wa sultani anaanza kwa kula kuku. Watu wanaposhtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka anaendelea kula na kukua, hadi anapowala watoto wa sultani mwenyewe. Ndipo sultani anapokiri kwamba huyu si paka tena bali ni nunda. Mnyama huyu hakukua kwa uchawi. Alikua kwa idhini ya mwenye mamlaka.

4.0 Kushinda ni kutambua

Mwenye mwili kama huo hushindwaje? Si kwa nguvu, kwani nguvu anazo kuliko wote. Mwana wa mwisho wa sultani anapokwenda kumwinda nunda, anamuua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara mama yake anamwambia kwamba huyo siye. Ushindi unachelewa mpaka kijana ajue anamtafuta nani. Katika ngano za eimu kijana mtanashati wa ngomani hufichuliwa na kitu kimoja ambacho hawezi kukibadilisha. Katika masimulizi mengi ya Ukambani na Ukikuyuni kitu hicho ni kinywa cha pili kilichofichwa kisogoni. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928, alieleza majukumu 31 ya wahusika, na miongoni mwake yamo kutiwa alama kwa shujaa, kutambuliwa kwake, na kufichuliwa kwa mlaghai. Ngano zetu zinaungana naye, ila zinatia mkazo wake: alama inayoamua mambo mara nyingi ni ya adui. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ngano inaligeuza wazo hilo: zimwi unalolijua haliwezi kukumaliza.

Lakini kutambua ni nusu tu ya ushindi. Katika ngano zilizoenea Ukambani na kwa majirani zao Wakikuyu, zimwi linalokaribia kufa lenyewe huagiza kidole chake kikatwe au kipasuliwe. Likifanyiwa hivyo, watu na ng'ombe wote waliomezwa hutoka wakiwa hai. Tendo hili ndilo kilele cha ngano, na linatupa kipimo tunachokihitaji. Tusiulize mwili unaweza kufika wapi. Tuulize mambo mawili: ni alama gani usiyoweza kuificha, na ni nini kilichomo ndani yake ambacho hakijarudishwa?

5.0 Hukumu

Kwa swali la kwanza Plastic Man anaelekea kushindwa. Akijigeuza kiti, kiti hubaki na rangi zake: nyekundu, pamoja na ukanda wa manjano na weusi. Cole aliufanya huo kuwa mzaha kati yake na msomaji, kwani wahalifu katika hadithi hawaoni kile ambacho mtoto anayesoma amekwisha kukiona. Mr. Fantastic angekiona, maana kazi yake ni kuchunguza vitu. Yeye mwenyewe hana la kufichuliwa: jina lake na uso wake vinajulikana mji mzima. Hapo mtetezi wa akili angeweza kushangilia.

Asishangilie mapema. Kwa swali la pili mambo yanageuka. Plastic Man alikwisha kukatwa kidole. Mwizi aliyekuwa akivimba kwa mali ya watu alianguka kiwandani, akaachwa na wenzake, akafichwa na mtu asiyemdai chochote; alipoinuka, kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimetoka. Katika hadithi za mwanzo hulivaa tena jina la Eel O'Brian ili kuingia miongoni mwa majambazi, lakini hulivaa kama joho, si kama ngozi. Ukimtambua kwa rangi zake hukumpokonya chochote. Atacheka, naye atageuka kitu kingine.

Mr. Fantastic hajakatwa. Ndani ya mwili wake mrefu yumo Ben Grimm, rubani aliyeonya asisikilizwe. Kwa miongo mingi hadithi zake zimerudia kisa kilekile: Reed anatafuta dawa ya kumrudishia rafikiye umbo lake, anaipata kwa muda, inampotea. Deni hilo halilipiki, na waandishi hawataki lilipike, kwa kuwa ndilo linaloiendesha hadithi. Hivyo mpinzani hahitaji kumvuta Mr. Fantastic hadi futi 1,500. Inatosha kujigeuza umbo la Grimm jinsi alivyokuwa kabla ya safari, na kusimama mbele yake akiwa kimya. Rangi nyekundu ingemwambia Reed kwamba huyo ni Plastic Man. Macho yangejua, na mikono ingeshindwa kupiga.

Hukumu yetu basi ni kwamba Plastic Man angeshinda. Tunakubaliana na mashabiki wake wengi kuhusu mshindi, lakini tunawapinga kabisa kuhusu sababu. Wao wanasema angeshinda kwa kuwa hana kikomo. Sisi tunasema angeshinda kwa kuwa alikwisha kushindwa, na kushindwa huko kukamtoa aliyokuwa ameyameza. Mwili usio na kikomo peke yake ni mwili wa eimu, na ngano hazijapata kumpa eimu ushindi wa mwisho.

6.0 Hitimisho

Mtu anaweza kudai kwamba tumevilazimisha vibonzo vya New York kuvaa nguo za Ukambani. Dai hilo lina uzito, ila linapaswa kuulizwa pande zote mbili. Kwa muda mrefu tumezisoma ngano zetu kwa nadharia zilizozaliwa kwingine, na Propp aliyetajwa hapo juu ni mmoja wa wageni hao, bila kuona haja ya kuomba radhi. Ikiwa nadharia ya ngano za Kirusi inaweza kumweleza eimu, hakuna sababu ya eimu kukosa haki ya kumweleza Reed Richards. Katika mfano huu ameeleza jambo ambalo vipimo vya mashabiki havikuligusa: kwamba hadithi ya mtu aliyepaa kwa tamaa ya kuwahi anga ni hadithi ya mmezaji asiyetaka kukiri alichomeza.

Liko pia jambo linalohusu ufundishaji. Mtoto wa Nunguni anayemwona shujaa akirefuka kwenye skrini na kushangilia haharibikiwi na chochote. Upungufu upo iwapo hakuna aliyempa swali la pili. Mwalimu wa fasihi simulizi asimkataze kubishana nani ana nguvu zaidi. Amwache abishane, kisha amuulize kidole cha shujaa wake kiko wapi, na kikikatwa watatoka akina nani. Swali hilo litamfaa kwenye vibonzo. Litamfaa zaidi siku atakapokutana, nje ya hadithi, na mtu aliyetanuka kupita kiasi huku akidai kwamba paka ni wake na kuku ni wake.