Kufuli ya kitabu inamufungia nani?

Wandugu, mu Julai 2009 Amazon ilifuta "1984" ya George Orwell ndani ya Kindle za watu wenye walikuwa wameshailipia. Muuzaji aliyeiweka pale hakuwa na haki ya kuiuza Marekani. Basi Amazon ikarudisha feza, ikaondoa kitabu bila kuuliza mutu. Ni kama mwenye duka aingie kwako usiku, abebe kitabu, aache makuta ku meza.

Ile kufuli ya kidijitali wanayoita DRM inamusumbua mwenye kulipa. Mwizi hana shida, juu nakala yake imeshatolewa kufuli. Mu 2019 Microsoft ilifunga duka yake ya vitabu, na vyote vikaacha kufunguka. Walirudisha feza, lakini kitabu kwisha. Tor Books wao waliondoa kufuli mu 2012. Kisha mwaka moja wakasema hawakuona wizi umeongezeka.

Lakini tusishangilie mbio. Siye wa agronomia tulisoma na PDF za WhatsApp, mimi wa kwanza. Kitabu cha udongo kilizunguka promosyo nzima, hakuna aliyelipa hata franga moja. Tunasema kadi ya benki hatuna, na ni kweli. Ila sillabi ya asistanti wetu ilikuwa inauzwa mukono kwa mukono, na ile nayo tuliipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Pale hakukuwa Amazon wala kufuli. Kulikuwa yeye tu, anangojea feza yake.